Shangazi Alipomsemea Pimbi

Katika ukoo wa baba yangu hawakula tembo, na kwa muda mrefu jambo hilo halikumsumbua mtu. Tangu nizaliwe sijaona nyama ya tembo ikiuzwa Uvira. Tembo wa bonde la Ruzizi walikuwa wamebaki kwenye mazungumzo ya wazee, kila mzee akiwa na tembo wake mkubwa kuliko wa mwenzake. Mwiko wetu ulikuwa wa heshima tupu. Baba, aliyekuwa fundi cherehani pale mtaani Kimanga, aliutaja mbele ya wageni kama mtu anavyomtaja jamaa mwenye cheo anayeishi mbali.

Taabu ilikuwa kiboko. Babu zetu, hakuna ajuaye lini, walimtazama kiboko wakaamua kwamba ni mdogo wake tembo: ngozi ile ile, miguu ile ile, tumbo lile lile, ila huyu amependa maji. Basi kiboko naye hakuliwa. Na viboko walikuwapo tele kule Ruzizi inakoingia ziwani. Kila mmoja alipouawa, mtaa mzima ulinuka mafuta ya kukaanga isipokuwa nyumba yetu. Shangazi yangu, dada yake Baba, mjane aliyeishi nasi tangu Mama afariki, alikuwa na desturi siku hizo ya kuegemea mwimo wa mlango, kufumba macho na kuvuta pumzi ndefu.

"Unafanya nini hapo?" Baba aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Minye siko nakula. Niko nanusa tu. Kunusa haina mwiko."

Pimbi ndiye aliyependwa kwetu. Kwa asiyemjua, pimbi ni mnyama wa majabali, wa kahawia, mkubwa kama sungura mnene, hana mkia wa kutajwa. Watu wa milimani walimteremsha sokoni akiwa amekaushwa kwa moshi, na Baba alikuwa tayari kuacha suruali ya mteja ikining'inia mguu mmoja ili amuwahi kabla hajanunuliwa. Alimla na sombe ya majani ya muhogo, kimya, huku mgongo umenyooka. Kwa Baba hiyo ilikuwa ndiyo alama ya furaha.

Uhuru ulipofika, mimi binti yake nilikuwa nimemaliza masomo ya ualimu na kupewa darasa langu la kwanza. Mwalimu mmoja Mbelgiji aliyekuwa akifundisha habari za wanyama na mimea katika shule ya wakubwa alifunga mizigo yake kwa haraka, kama walivyofanya wengi wakati ule. Aliponiona nikipita alinikabidhi bango kubwa la kitambaa kilichopakwa mafuta, limeviringishwa kwenye ufito. Akaniomba nilitunze mpaka atakaporudi. Hakurudi.

Nililipeleka nyumbani kwa sababu kingo zake zilikuwa zinachanika. Baba alilipokea likiwa limelala kifudifudi, akasifu kitambaa, akalizungushia pindo la mshono maradufu. Alipomaliza ndipo alipoligeuza aone amelishonea nini.

Lilikuwa bango la ukoo wa tembo. Juu kabisa alisimama tembo wetu wa Afrika, na kando yake yule wa Bara Hindi mwenye masikio madogo. Chini yao mistari ilishuka, ikigawanyika na kukutana kama mito, na kila penye njia panda pamechorwa mnyama ambaye hayupo tena duniani. Kulikuwa na mmoja mwenye manyoya marefu na meno yaliyojikunja mpaka karibu yapishane. Kulikuwa na mwenye meno manne, mawili juu na mawili chini. Mwingine meno yake yalitoka kidevuni na kupinda kuelekea ardhini, kana kwamba aliyemuumba alishika kichwa juu chini. Mwingine taya lake la chini lilikuwa refu na pana kama beleshi. Na chini kabisa, kwenye kinamasi, mnyama mfupi mnene asiye na mkonga, ambaye ukikutana naye ungedhani ni nguruwe aliyekosa usingizi.

Shangazi aliacha ndagala zake, vile visamaki vya ziwani, motoni, akaja kusimama nyuma yetu na kijiko mkononi.

"Sasa kiboko iko wapi?" aliuliza.

"Hayumo," nilisema.

"Namna gani hayumo?"

"Si wa ukoo huu. Kiboko ni wa upande wa nguruwe. Tulifundishwa hivyo."

Siku hizi wenye kujua wanasema kiboko ana undugu na nyangumi. Namshukuru Mungu habari hiyo ilichelewa kutufikia.

Shangazi alimtazama Baba, akatazama mlango, akatazama upande wa Ruzizi. Niliona miaka yote ya kunusa ikipita usoni mwake.

"Na huyu mudogo hapa pembeni?" Baba aliuliza. Kidole chake kilikuwa kwenye kona ya chini ya bango. Hapo mstari mmoja ulijitenga mapema na kugawanyika kwa wanyama wawili, mmoja wa majini tusiyemwona katika ziwa letu, na mmoja wa mawe.

"Huyo ni pimbi, Baba."

"Pimbi anafanya nini hapa?"

Nilimweleza kama nilivyoelezwa. Kwamba kucha za pimbi ni kama kwato ndogo, sawa na za tembo. Kwamba ana meno mawili ya mbele ambayo hayaachi kukua, nayo ni ndugu wa pembe za tembo. Kwamba waliochunguza taya na meno yao wamekubaliana kuwa kati ya wanyama wote walio hai, pimbi na yule wa majini ndio jamaa wa karibu wa tembo waliobaki.

Ilikuwa Jumatatu. Jumapili tulikuwa tumekula pimbi. Baba alitoka nje, akasimama mbele ya nyumba mikono nyuma, na wateja wawili walipita bila kusalimiwa.

Mtu mwingine angelikunja bango lile na kunyamaza. Baba hakuwa mtu wa namna hiyo. Aliita wazee wa ukoo, wakaja wengine kutoka Luberizi, kule bondeni, na majembe yao bado yana matope ya mpunga, na bango likatundikwa kwenye ukuta wa uani. Nililazimika kulieleza upya, nikiwa nimepiga magoti kama heshima ilivyotaka, jambo lililofanya iwe vigumu kuwafikia wale wanyama wa juu. Mzee mmoja aliuliza kama mnyama wa beleshi alikuwa akilima. Mwingine alitaka kujua ikiwa yule wa manyoya alikuwa Mzungu.

Mwishowe wazee waliamua: pimbi aingie katika mwiko, kwa kuwa ushahidi upo ukutani. Kuhusu kiboko, abaki kwanza humo humo, mpaka habari zake zichunguzwe vizuri.

Shangazi alikuwa akigawa chai. Alisimama katikati ya ua na birika lake.

"Kwa hiyo mumeongeza, hamukupunguza," alisema. "Hata serikali ya uhuru ndivyo inafanya."

Wale wa Luberizi walitazama chini ili wasicheke. Kuanzia siku ile nyumba yetu ilikuwa na miiko miwili inayouma, na Shangazi aliniita "mwalimu" kwa sauti ambayo wengine huitumia kumwita mtoza ushuru.

Katika mwaka wa nne wa uhuru uasi ulifika kwetu. Waasi walishuka kutoka milimani, wanajeshi wa serikali wakakimbia, bendera zikabadilishwa. Shule ilifungwa. Kwa muda watu waliendelea kununua chumvi na kushona suruali kama kawaida, lakini baadaye ndege zilianza kuruka juu ya ziwa, na ikasemwa kwamba askari watarudi kwa hasira. Baba alisikiliza maneno hayo wiki nzima, kisha akafungua mkono wa cherehani yake, akaifunga. Tungepanda Rurambo, juu ya bonde, kwa mfugaji mmoja ambaye Baba aliwahi kumshonea koti. Cherehani ilihitaji kitu cha kuizuia mvua, na nyumbani mwetu hapakuwa na kitambaa cha mafuta isipokuwa bango langu. Basi wale tembo wote waliizunguka cherehani, Baba akaitwika kichwani, tukaondoka.

Bariyeri ya waasi, kizuizi chao cha barabarani, ilikuwa karibu na Luberizi, mbele ya ghala la mpunga. Vijana wenye bunduki, wengine wenye mikuki, walitandaza mizigo yetu barabarani. Cherehani haikuwapa shida. Bango ndilo lililowafanya wamwite mkubwa wao.

Alikuwa mtu wa umri wangu au kuzidi kidogo, amevaa kofia ya ngozi ya mnyama. Alizungumza kama mtu aliyewahi kukaa nyuma ya meza ya ofisi. Alipiga goti, akafuata mistari kwa kidole.

"Hii iko ramani," alisema. "Barabara inaanzia hapa, inagawanyika hapa, inafika hapa. Maneno ya Kifaransa. Na hizi iko mashine." Kidole chake kilisimama kwenye taya la beleshi. "Hii iko ya kuchimba barabara. Hii ya meno mane, sijue."

Kwa tahadhari alituhoji mmoja mmoja nyuma ya ghala, ili aone kama maneno yetu yatalingana. Kisha alitupanga mstari mmoja mbele ya vijana wake.

"Muzee ananiambia hii iko ukoo yake. Huyu mama ananiambia iko nguo ya mvua. Huyu dada ananiambia iko somo. Nani anadanganya?"

Niliogopa Baba asije akaanza kueleza jambo la wazee na pimbi tangu mwanzo. Shangazi ndiye aliyejibu.

"Hakuna, mukubwa. Weye hapa iko mukubwa. Kwa mama yako iko mutoto. Kwa dada yako iko mujomba wa watoto yake. Ni muntu moja, na hakuna mwenye anadanganya."

Mmoja wa vijana alikohoa ili kuficha kicheko, kisha mkubwa mwenyewe akatabasamu upande mmoja. Akaniambia: "Kama iko somo, fundisha."

Nimefundisha maisha yangu yote, na sijapata darasa lililokaa kimya kama lile. Walikaa juu ya magunia ya mpunga, bunduki magotini. Bango lilitundikwa kwenye mlango wa ghala. Kando yangu, Baba alikuwa amekwisha kupewa suruali ya mkubwa iliyopasuka, akaweka cherehani yake ya mkono juu ya kreti na kuanza kazi. Kila nilipovuta pumzi, nilisikia sindano yake ikikimbia.

Nilianza na yule mnene wa kinamasini. Nikasema huyu hakujua kwamba watoto wa watoto wake watakuwa wakubwa hivi. Kidogo kidogo, kizazi kwa kizazi, mwili ukakua, kichwa kikawa kizito, shingo ikafupika. Sasa mdomo haufiki tena majini, ndipo pua na mdomo wa juu vikarefuka kufanya kazi hiyo. Wengine walijaribu meno manne. Wengine walijaribu taya refu la kuchotea majani na kung'oa magome ya miti. Wengi walijaribu, wakaisha. Wamebaki hawa wawili wa juu.

Kijana mmoja mwenye mkuki aliinua mkono, kama shuleni.

"Mwalimu, kilianza mukonga ao meno?"

Sikujua. Nikasema vilikua pamoja, kwa sauti ya mtu anayejua. Aliridhika.

"Na huyu wa manyoya?" mkubwa aliuliza. "Iko wapi sasa?"

"Alikwisha."

"Nani alimumaliza?"

"Baridi ilipungua, majani aliyozoea yakapotea. Na watu walimwinda."

"Watu wa wapi?"

"Ulaya," nilisema. "Na kwingine kwenye baridi. Zamani sana."

Vijana walitazamana. Mwenye mkuki alitikisa kichwa polepole. "Hata kwabo," alisema.

Mkubwa alisimama, akateremsha bango kwa mikono yake mwenyewe, akalikunja kwa uangalifu ambao hata Baba aliusifu baadaye. Akaninyooshea.

"Muchunge hii muzuri," alisema. "Iko ushahidi."

Tukapita. Tulipoacha bonde na kuanza kupanda, Shangazi aliketi juu ya jiwe. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mikono imeshika tumbo, na Baba akamwambia ainuke, kwa kuwa suruali ile aliishona kwa uzi mbovu na hakutaka kuwapo itakapopasuka.

Mwenyeji wetu wa Rurambo alikuwa mwanamume mrefu aliyefiwa na mkewe, wa maneno machache, watoto wake wote wameoa na kuolewa. Alitupa chumba kilichoshikana na banda la ndama, na bango likawekwa juu ya banda hilo mahali paa lilipovuja. Mwanzoni tulikula vizuri: viazi, maharage, maziwa. Lakini watu waliendelea kupanda kutoka bondeni, kila nyumba ikajaa, na wafugaji wakapeleka ng'ombe wao juu zaidi ili wasichukuliwe na mtu yeyote mwenye bunduki, wa upande wowote. Maziwa yaliyobaki yalikuwa ya watoto. Maharage yakaisha, na viazi vikawa vya kuhesabiwa kwa macho kabla havijafika kwenye chungu.

Kilichobaki kwa wingi kilikuwa pimbi. Nyuma ya nyumba kulikuwa na majabali, na kila asubuhi jua lilipotoka walijitandaza juu yake kwa familia, wanene, wametulia, kama waumini wanaosubiri ibada ianze. Mwenyeji alijua kuwatega. Chungu cha kwanza kilipoletwa, harufu iliingia chumbani kabla yake. Baba alikuwa amekwisha kunawa mikono. Alikitazama, akaomba radhi, akaeleza kwamba kwetu hawaliwi.

"Tangu zamani?" mwenyeji aliuliza.

"Tangu uhuru," Shangazi alisema.

Baba alikuwa ametangaza jambo hilo mbele ya ukoo, na hakuwa mtu wa kutangua neno kwa sababu ya tumbo. Kwa ajili yake, Shangazi nami hatukula pia. Hatukula mbele yake. Siku moja nilijificha nyuma ya zizi na paja la pimbi, nikasikia hatua. Alikuwa Shangazi, anatafuta mahali pa kujificha na bakuli lake. Tulikaa bega kwa bega, tukala, na hatukuzungumza juu ya jambo hilo.

Lakini Baba alikuwa anakwisha. Alipunguza suruali yake kiunoni, kwa mshono mzuri, na muda si mrefu akaipunguza tena. Alianza kukaa juani asubuhi akiwatazama pimbi, nao wakimtazama. Hapo ndipo Shangazi aliponiuliza swali ambalo kwa miaka yote minne hakuwa ameniuliza.

"Mwalimu, hawa wawili waliachana lini?"

"Nani?"

"Tembo na pimbi. Udugu huu iko ya lini?"

"Zamani sana, Shangazi. Kabla ya watu. Kabla ya ziwa."

"Kabla ya ziwa," alirudia, na niliona uso wake ukifunguka.

Alimwendea Baba akamkumbusha jambo alilolijua. Kwetu, jamaa wawili wa mbali wakitaka kuoana, wazee hukaa kwanza na kuukata udugu. Kila upande husema, shahidi husikiliza, halafu hawadaiani tena. Kama udugu wa watu unaweza kukatwa, alisema, udugu wa wanyama una nini? Baba alifikiri siku nzima. Jioni alisema inaweza kufanyika, lakini ifanywe sawasawa, bila mchezo.

Ilifanywa asubuhi, katika ua wa ng'ombe. Mwenyeji alikaa kwenye kigoda na kibuyu cha maziwa kidogo, kama shahidi. Baba, ambaye alikuwa mtu wa tembo, angesema kwa upande wa tembo. Kwa pimbi hapakuwa na mtu, basi Shangazi alijitolea. Mimi niliwekwa katikati kwa sababu ya elimu. Chungu kilikuwa motoni tangu alfajiri. Shangazi hakuwa na wasiwasi na hukumu.

Alisimama, akafunga kitenge chake vizuri.

"Minye nasema kwa jina ya pimbi," alianza. "Hatukatai kama baba yetu iko moja. Lakini tangu tuachane, tembo hajafika kwetu hata siku moja. Tulizaa, hakukuya. Tulifiwa, hakukuya. Tai anabeba watoto yetu kila siku, na ndugu yetu mwenye anangoa miti hajatuma hata salamu. Huu iko udugu gani?"

Mwenyeji alimgeukia Baba. Baba alikuwa ameinamisha kichwa, na nilidhani ameudhika na ataondoka. Kisha akakohoa.

"Tembo anajibu," alisema. "Kwanza, kwenu hakuna mulango. Munaishi ndani ya nyufa ya mawe. Tungeingia na nini?"

Mwenyeji alijiziba mdomo kwa kiganja.

"Ya pili. Kila tulipopita huko chini, mulipiga kelele. Ndugu anapokelewa kwa kelele?"

"Ile ilikuwa salamu," Shangazi alisema.

"Salamu yenye inafukuza mugeni?"

"Sauti yetu iko hivi. Mungu ndiye alitupatia."

"Ya tatu," Baba alisema, na sauti yake ilibadilika. Alikuwa ameinua kichwa. "Sisi tuliwindwa kwa sababu ya meno. Walitumaliza bonde yote, wakapakia meno, watu wakayabeba mpaka walikufia njiani. Nanyi pia muko na meno mbili kama yetu. Tulipokuwa tunaisha, mulifunga midomo, mukaingia katika mawe."

Hakuna aliyetarajia hilo. Ndama alilia bandani. Shangazi, ambaye sikuwahi kumwona akikosa jibu, alitazama miguu yake.

"Hapo munatushinda," alisema mwishowe. "Tulikuwa wadogo. Tuliogopa."

"Sisi pia tuliogopa," Baba alisema. "Na tulikuwa wakubwa."

Chini kabisa ziwa lilikuwa limefunikwa na ukungu, na mahali fulani ng'ambo ya bonde mlio mmoja ulisikika, mzito, ambao haukuwa wa radi. Mwenyeji alingoja upotee. Kisha aliniuliza tembo na pimbi waliachana lini, nikamjibu kama nilivyomjibu Shangazi.

"Kabla ya ziwa hili?"

"Kabla."

Alitazama upande ule wa ziwa, kama mtu anayepima. "Basi sisi hatukati kitu," alisema. "Udugu huu ulikufa wenyewe, na hakuna mwenye aliuzika. Tuuzike." Akamimina maziwa kidogo chini, akampa Baba kibuyu anywe, akampa Shangazi. Nilipomtazama vizuri niliona machozi yamemjaa, na mabega yanatikisika. Alikuwa amezuia kicheko tangu pale Baba aliposema pimbi hawana mlango, na sasa kilimshinda. Alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye kigoda. Mtu yule ambaye tulikuwa tumeishi naye miezi bila kusikia zaidi ya salamu na habari za mvua.

Baba alinawa. Alikula mgongo umenyooka, kimya, akamaliza, akaongezewa. Alipoweka chini mfupa wa mwisho nilisubiri aseme neno kuhusu tembo, kuhusu ukoo, kuhusu wazee wa Luberizi.

"Haina chumvi," alisema.

Tangu siku ile mwenyeji alianza kuwa na shughuli upande wetu wa nyumba. Alikuja kuangalia paa la banda lisilovuja tena. Alikuja kumuuliza Shangazi, kwa uso mkavu, kama pimbi wana neno lolote leo. Akija, kulikuwa na kibuyu cha maziwa mkononi, na hakikuwa cha Baba. Shangazi alimjibu kwa ukali, kisha akaniomba nimsuke nywele.

Alipotaka kumwoa, alimwendea Baba kama inavyotakiwa. Hapo nilishuhudia jambo ambalo bado linanichekesha. Baba, mkimbizi, aliyelala katika nyumba ya mtu yule na kula pimbi wa mtu yule, alivaa koti lake, akaketi kwenye kigoda cha mtu yule, na kumdai ng'ombe. Alidai kwa utaratibu, akikataa huyu kwa pembe na yule kwa umri, hali ng'ombe wenyewe walikuwa wamefichwa mlimani na hakuna aliyeweza kuwaona. Mwenyeji alikubali yote, isipokuwa fahali mmoja aliyesema ana tabia mbaya. Shangazi alisikiliza nyuma ya ukuta na kunong'ona kwamba fahali huyo lazima apatikane.

Habari zilipokuja kwamba mji umetulia, Baba nami tuliteremka, bango tukaliacha juu ya banda. Shangazi alitusindikiza mpaka mahali njia inapoanza kushuka kwa kasi. Alimpa Baba siagi iliyofungwa kwenye jani la mgomba, akamrekebishia mzigo kichwani, halafu akaanza kulia, jambo lililotushangaza sote.

"Unalilia nini?" Baba aliuliza. "Umepata bwana, umepata maziwa."

"Niko nakulilia weye. Nani atabishana na weye?"

Baba aligeuka, akaanza kushuka kwa uangalifu, mkono mmoja ukishika cherehani. Bondeni tulikuta mpunga ambao haukuvunwa umelala, na ndege ndio waliokuwa wameshiba. Bariyeri ya Luberizi haikuwapo tena. Ghala lilikuwa wazi, tupu.

Tulifika Kimanga siku ya pili. Nyumba ilikuwa imesimama, ila mlango ulikuwa umechukuliwa pamoja na bawaba zake. Baba alitua mzigo uani, akatafuta tepu yake ya kupimia mfukoni, akapima uwazi ule juu mpaka chini, kisha upana, akanitajia vipimo nimkumbushe. Alasiri ile ile aliketi kwenye cherehani na kushona pazia la mlango.